Waliokufa Huku Kanda Zikiendelea Kuchezwa

Rodney Anoa'i alifariki tarehe 23 Oktoba 2000 katika chumba cha hoteli mjini Liverpool, Uingereza, akiwa katika ziara ya kazi. Alikuwa na umri wa miaka 34. Huku Lodwar na Kakuma jina hilo halikumshtua mtu, maana hakuna aliyelijua. Aliyejulikana ni Yokozuna, lile pande la mtu lenye zaidi ya kilo 225, na Yokozuna wa huku alikuwa hai. Jenereta likinguruma na kanda ikiingia kwenye mashine, aliingia ulingoni akirusha chumvi, akamlaza mpinzani kwenye kona, akapanda kamba ya pili na kumkalia kifuani kwa uzito wake wote. Aliendelea hivyo kwa miaka mingi baada ya kuzikwa.

Historia ninayoisimulia hapa inahusu pengo hilo, kati ya siku mwanamieleka alipokufa kwao na siku alipokufa Turkana. Kila mwaka uliopita, pengo hilo lilizidi kufupika. Siku hizi halipo tena, na watazamaji waliokulia ndani yake wamebaki na kumbukumbu za aina mbili: watu waliowaona wakifa kwa maigizo na watu waliokufa kweli bila wao kujua.

Kwanza njia. Kanda za video zilifika Lodwar kama ulivyofika unga na sabuni, kwa barabara ya kutoka Kitale inayoshuka Kapenguria, kuvuka Kainuk na kupita Lokichar, barabara ambayo kwa miaka mingi magari yaliipita yakisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Kakuma iko mbele zaidi, kilomita kama 120, kwenye njia ya kuelekea Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, na miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa na vita vya huko mwaka 1991, wakatembea tena. Baada yao walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Umeme wa gridi ya taifa haukuwepo. Lodwar yenyewe iliwashwa kwa mitambo ya dizeli, na kambini wafanyabiashara wenye jenereta walivuta nyaya hadi kwenye vibanda vya majirani na kuwatoza. Mwenye jenereta, runinga na mashine ya kanda alikuwa na biashara tayari. Alichohitaji zaidi ni mabati, magunia au maturubai ya kuzuia mwanga, mabenchi machache, na kijana mlangoni wa kukusanya shilingi.

Katika mabanda hayo, filamu za Kihindi zilikuwa na wapenzi wake na za mapigano za Kichina zilikuwa na wake. Mieleka ilikuwa ya wote. Sababu yake si ngumu kuiona. Kakuma ni mahali ambapo karibu kila jambo lilihitaji mkalimani: mgao wa chakula, usaili, zahanati, hata ugomvi wa mtungi wa maji. Mieleka haikumhitaji. Mturkana wa mjini, Mdinka, Msomali na Mkongo wangeketi benchi moja na wote wakajua kwa wakati mmoja kwamba refa amegeuka upande mwingine na mwovu ameshika kiti cha chuma.

Tena, mchezo wenyewe haukuwa mgeni kwa wengi wao. Wadinka wa Bor na jirani zao Wamundari ni watu wa mieleka tangu enzi za mababu, na Wanuba wa milima ya Kordofan waliuonyesha ulimwengu mchezo huo wakati mpiga picha Mwingereza George Rodger alipowapiga picha mwaka 1949, miili imepakwa majivu, mshindi amebebwa mabegani. Kijana aliyekulia katika jamii hizo alijua maana ya mwanamume kuimbwa kwa nguvu zake. Alijua pia maana ya jina la ulingoni. Kwa Waturkana kama kwa Wadinka, mwanamume huweza kupata jina kutokana na dume ampendaye katika kundi lake, akaimba nyimbo zake na kujivunia rangi na pembe zake. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu wa Marekani aliitwa Bulldog au Nyoka. Jina la sifa lilitosha. Jina alilopewa na mamaye lilikuwa jambo la kwao.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya mieleka ya Bor na ile ya kwenye kanda, na ndiyo iliyoua watu. Katika mieleka ya jadi, ardhi ni mchanga, na mtu akiangushwa pambano limekwisha. Huanguka mara moja, akajipangusa, akarudi kwa watu wake. Ulingo wa kulipwa hujengwa kwa vyuma, juu yake mbao, juu ya mbao godoro jembamba, juu ya godoro turubai. Mtu huanguka hapo kwa mgongo mara kadhaa katika pambano moja, kisha hupanda gari au ndege na kwenda kuanguka katika mji mwingine usiku unaofuata. Katika miaka ya 1980 na 1990 nyota wa kampuni ya WWF, ambayo mwaka 2002 ilibadili jina kuwa WWE, walikuwa barabarani sehemu kubwa ya mwaka. Hawakuwa na msimu wa mapumziko kama wanasoka. Mkataba uliwatambua kama wakandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa, kwa hiyo aliyekosa kupanda ulingoni alihatarisha pato lake na nafasi yake.

Ndiyo maana dawa ziliingia. Steroidi zilijenga misuli ambayo mapromota waliitaka, dawa za kutuliza maumivu zilimwezesha mwenye mgongo mbovu kupambana, na za usingizi zilimlaza hotelini. Mwaka 1991 daktari mmoja wa Pennsylvania, George Zahorian, alipatikana na hatia ya kuwauzia wanamieleka steroidi. Mmiliki wa WWF, Vince McMahon, alishtakiwa baadaye na mahakama ikamwachilia huru Julai 1994. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la PLOS ONE, ukifuatilia wanamieleka zaidi ya 500, ulionyesha kwamba wenye umri wa miaka 45 hadi 54 walikufa kwa kiwango karibu mara tatu ya wanaume wengine wa umri wao, na ugonjwa wa moyo uliongoza. Moyo uliolishwa steroidi hupanuka na kuwa mgumu, na mtu anayeonekana kama mwamba huanguka bafuni akipiga mswaki.

Watu wa mabandani hawakuambiwa hayo. Waliambiwa habari nyingine kabisa: kwamba Undertaker amekufa.

Hili lilitokea ulingoni, tarehe 22 Januari 1994, mjini Providence, Marekani. Undertaker alipambana na Yokozuna katika pambano la jeneza, ambapo anayefungiwa ndani ndiye aliyeshindwa. Kundi la wanamieleka lilimvamia kumsaidia Yokozuna, wakamfungia Undertaker ndani, moshi ukatoka, sura yake ikaonekana kwenye skrini ikizungumza kutoka ndani ya jeneza, kisha umbo lake likapaa hadi darini. Aliporudi miezi saba baadaye, alikuta mtu mwingine amevaa mavazi yake, akampiga. Yeyote aliyekuwa mtoto Afrika Mashariki miaka ile anaikumbuka mijadala iliyofuata: Undertaker ana roho saba, Undertaker hulala makaburini, Undertaker alikufa zamani na huyu tunayemwona ni ndugu yake. Mijadala hiyo ilifanyika Lodwar kando ya laga, mto wa msimu, na Kakuma kwenye foleni za maji, na waliobishana walikuwa watoto ambao baadhi yao walikuwa wameona maiti halisi njiani kabla ya kuona runinga. Nadhani ndiyo sababu waliipenda sana hadithi ya mtu anayefungiwa jenezani na kurudi.

Mambo yaligeuka kinyume. Mark Calaway, mwenye jina la Undertaker, aliaga ulingo Novemba 2020 akiwa na miaka 55. Baadhi ya waliomfungia jenezani ndio waliotangulia. Yokozuna alikufa mwaka 2000. Bam Bam Bigelow, yule mwenye michoro ya moto kichwani, alikufa Januari 2007 akiwa na miaka 45. Crush alifuata Agosti mwaka huo huo, naye hakuwa ametimiza 45. Paul Bearer, meneja wa Undertaker mwenye sauti nyembamba na uso uliopakwa poda, alikufa mwaka 2013. Huyu katika maisha yake halisi alikuwa amesomea kazi ya kuzika watu na kupewa leseni.

Yokozuna anastahili maneno zaidi, kwa sababu kumbukumbu zetu juu yake ni za uongo karibu zote. Tulimjua kama Mjapani wa sumo. Alikuwa Msamoa aliyezaliwa San Francisco mwaka 1966. Tulidhani unene ule ni silaha, na kwa miaka michache ulikuwa hivyo kweli: Aprili 1993 alimshinda Bret Hart mjini Las Vegas na kutwaa mkanda wa dunia. Baadaye mwili uliomfanya bingwa ulizidi kukua, akawa anachoka baada ya hatua chache, hadi mamlaka za michezo za baadhi ya majimbo zikakataa kumpa leseni. Aliondoka WWF, akawa anapambana katika kumbi ndogo popote alipoitwa, ndivyo alivyojikuta Liverpool. Kwa watu wanaoelewa ukoo, kama walivyo Waturkana, msiba huu haukuishia kwake. Ndugu yake wa ukoo wa Anoa'i, Eddie Fatu, tuliyemwita Umaga, alikufa kwa mshtuko wa moyo Desemba 2009 akiwa na miaka 36. Matthew Anoa'i, aliyeitwa Rosey, kaka wa mwanamieleka Roman Reigns, alikufa mwaka 2017 akiwa na 47. Ukoo huohuo umempa ulimwengu mabingwa wengi na makaburi mengi.

Katika mabanda yote kulikuwa na mjuaji, kijana aliyekwisha kusoma hadi sekondari, aliyesimama nyuma na kutangaza kwamba yote ni maigizo. Hakukosea kuhusu matokeo: mshindi hupangwa. Alikosea kuhusu kuanguka, na aliyelipa gharama ya kosa hilo la watu wengi duniani ni Owen Hart.

Owen alikuwa mdogo wa Bret Hart, wa mwisho katika familia ya watoto kumi na wawili huko Calgary, Kanada. Jioni ya tarehe 23 Mei 1999 mjini Kansas City alitakiwa kuingia ulingoni akishushwa kwa kamba kutoka darini, amevaa kinyago na joho la buluu, ili watu wacheke. Kifungo kilichomshikilia kilikuwa cha kufunguka kwa haraka, na kilifunguka akiwa angali juu sana. Alianguka kama mita 24, akagonga kifua kwenye kona ya ulingo. Alikuwa na miaka 34, sawasawa na Yokozuna mwaka uliofuata. Waliokuwa wakitazama kwa runinga hawakuonyeshwa akianguka. Mtangazaji Jim Ross aliwaeleza kwamba hili halikuwa sehemu ya burudani, na baadaye akawatangazia kifo chake. Watu waliokuwa ukumbini hawakutangaziwa. Onyesho liliendelea. Wenzake walipanda ulingoni pale pale alipoangukia, wakapambana hadi mwisho wa ratiba.

Naliona tendo hilo la kuendeleza onyesho kuwa aibu kubwa kuliko zote katika historia ya mchezo huu. Mjane wake, Martha Hart, alilipeleka jambo mahakamani, na mwaka 2000 wakapatana kwa dola milioni 18. Kwa sehemu ya fedha hizo alianzisha wakfu kwa jina la mumewe, unaosomesha vijana na kusaidia familia zenye shida. Kwa miaka mingi aliikataza WWE kumtumia Owen katika biashara yake. Kuna mashabiki waliomlaumu wakisema amewanyima kumbukumbu yao. Mimi niko upande wake. Kumbukumbu ya shabiki haiwezi kupita haki ya mke na watoto wawili.

Kanda za Owen nazo ziliendelea kuchezwa. Aliyeuliza kwa nini haonekani katika mapambano mapya alijibiwa kwamba amestaafu, au amehama kampuni. Habari za kweli zilikuja vipande vipande: gazeti la wiki iliyopita lililofungiwa bidhaa, mtu aliyetoka Nairobi, jamaa aliyehamishiwa Marekani au Australia na kupiga simu. Hao waliopata makazi mapya ng'ambo ndio waliokuwa wajumbe wa misiba mingi. Kijana aliyeondoka Kakuma akiwa shabiki alifika kwenye nchi ya mashujaa wake, akagundua kwamba nusu yao hawapo.

Kuna mmoja wao ambaye Afrika Mashariki inapaswa kumkumbuka kwa namna ya pekee, ingawa hakufa kijana. Kamala, Jitu la Uganda, aliingia akiwa peku, uso na tumbo vimechorwa, mkononi mkuki, akipiga tumbo lake na kunguruma kwa lugha isiyokuwepo. Watazamaji wa Marekani waliambiwa alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake ni James Harris, mzaliwa wa Mississippi, mtoto wa Wamarekani weusi maskini wa mashambani. Mwaka 1992 alipambana na Undertaker katika pambano la jeneza na kushindwa. Alilalamika hadi uzeeni kwamba malipo yake hayakulingana na ya wenzake, na baada ya ulingo aliendesha malori. Kisukari kilimkata mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka 2012, na Korona ikammaliza Agosti 2020 akiwa na miaka 70. Mganda wa bandia alitukanisha Waganda wa kweli, na mtu aliyevalishwa ule ushenzi hakuneemeka nao.

Kufikia Novemba 2005 mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Simu za mkononi zilikuwa zimefika Lodwar, diski zilikuwa zimeichukua nafasi ya kanda. Eddie Guerrero alipopatikana ameanguka katika hoteli mjini Minneapolis tarehe 13 mwezi huo, akiwa na miaka 38, habari haikuhitaji miaka kufika. Alipendwa sana huku kwa sababu alikuwa mdogo wa mwili na mwerevu: alitupa kiti mikononi mwa adui, akajilaza chini kana kwamba amepigwa, refa akageuka na kumwadhibu asiye na hatia. Alikuwa ameacha pombe na dawa kwa miaka minne. Moyo haukusahau miaka ya nyuma. Februari 2006 WWE ilianzisha mpango wa kupima dawa na moyo, na vifo vya waliokuwa kazini vilipungua. Haki ya Mungu, hilo lilipaswa kufanyika alipokufa mwanamieleka Brian Pillman mwaka 1997 akiwa na 35.

Halafu ikaja Juni 2007. Mwanamieleka Chris Benoit alimuua mkewe Nancy na mtoto wao Daniel wa miaka saba, kisha akajiua. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake ni Bennet Omalu, Mnigeria aliyezaliwa mwaka 1968 katikati ya vita vya Biafra, familia yake ikiwa imeyahama makazi yake. Mtoto wa wakimbizi wa ndani ndiye aliyewaambia Wamarekani kile ambacho kugongwa kichwa mara kwa mara hufanya ndani ya fuvu. Mwenzake Julian Bailes alisema ubongo wa Benoit, mtu wa miaka 40, ulifanana na wa mzee wa miaka 85 mwenye ugonjwa wa Alzheimer. Ugunduzi huo unaeleza, hausamehe. WWE ililifuta jina lake. Mashabiki hawawezi kufuta walichokiona, lakini wanaweza kuanza kumbukumbu yao na Nancy na Daniel.

Mei 2011 Kenya ilikuwa katika msiba wake. Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya Beijing, alikufa tarehe 15 nyumbani kwake Nyahururu akiwa na miaka 24. Siku tano baadaye, mwanamieleka Randy Savage alishikwa na moyo akiendesha gari huko Florida, akafa akiwa na 58. Wiki ile misiba hiyo miwili ilikutana kwenye redio na simu, nasi tukajifunza kulia kwa njia ile ile mwanamichezo wa kwetu na wa ugenini. Februari 2024 tulirudia tena kwa mkimbiaji wetu wa marathoni Kelvin Kiptum, aliyekufa akiwa na miaka 24.

Windham Rotunda, aliyeitwa Bray Wyatt, alipofariki tarehe 24 Agosti 2023 akiwa na miaka 36, hakukuwa na pengo lolote. Moyo wake ulikuwa umedhoofishwa zaidi na Korona. Habari iliingia kwenye simu za Kakuma wakati ule ule ilipoingia za Florida, na aliyeipokea aliweza kuona picha za mchumba wake na watoto wake wanne kabla ya kulala. Huku kujua mapema kumetunyima kitu: hakuna tena mtu anayeendelea kuishi mabandani kwa miaka kumi ya ziada. Hata hivyo ni afadhali. Yokozuna alistahili kuliliwa siku yake.

Mieleka sasa imerudi karibu na nyumbani. Huko Mukono, Uganda, Daniel Bumba amekusanya vijana katika Soft Ground Wrestling, wanaorushana kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa miti, na video zao zimetazamwa kote duniani. Vijana wa Lodwar na Kakuma wanazitazama na kuziiga. Matope ni rafiki zaidi wa mgongo kuliko mbao, lakini shingo ni shingo. Ninyi mnaoandaa mapambano haya, na ninyi wafadhili mnaoanza kuyanunua: mpimeni moyo kila kijana kabla hajapanda, mkatazeni kupigwa kiti kichwani, mlipieni bima, na muandikeni kama mfanyakazi. Wanamieleka wa WWE, kampuni inayoingiza zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, mpaka leo bado wanaandikwa kama wakandarasi wa kujitegemea, na hawana chama cha wafanyakazi.